Puli ya Baba

Lubaga,
Kampala.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Faizal,

Asalaam alaykum. Hujambo huko Ujerumani? Mkeo Annick hajambo, na wanangu wawili? Kifua chako kimepoa, au kinakusumbua tena sasa baridi inapoanza? Usinijibu kwamba u mzima kama unavyojibu siku zote. Wewe hata ulipovunjika mkono ulisema u mzima.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Goti langu la kushoto bado linatabiri mvua kuliko redio, na wiki hii limetabiri sana. Wifi yangu Rehemah yumo ndani ya eda yake, amebakisha wiki nne na ushei. Anakula kidogo, anaswali sana. Binti yake Rumaisa amerudi chuoni, sasa yuko mwaka wa mwisho wa ufundi. Binamu yetu Naila wa Ntinda bado anauza abaya na bado analia kwamba biashara imekufa, lakini kila nikienda dukani kwake sipati pa kukaa kwa wingi wa wateja hao asio nao.

Najua umeshangaa kuona karatasi. Nimejirekodi kwenye simu mara tatu, na mara tatu nimefuta. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningeshukuru kukatizwa, kisha tungezungumza habari za watoto na siku ingepita. Nabilah, binti wa jirani, anarudi huko Alhamisi, na ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi. Isome ukiwa umekaa, na Annick awe karibu.

Tangu mwezi wa sita umekuwa ukiniuliza jambo moja tu: jina la dereva aliyemgonga kaka yetu Kamis. Umeapa kwamba hutakanyaga Kampala wala hutasamehe mpaka ulijue. Jina nitakupa, Faizal. Ila kwanza ujue kwamba hapakuwa na gari. Hapakuwa na dereva, wala Kamis hakufia barabarani. Tulikudanganya, na aliyewafundisha wengine uongo huo ni mimi.

Subiri. Usiitupe. Nisome mpaka chini, baadaye ufanye utakavyo.

Unaikumbuka injini uliyomtumia Kamis mwaka jana ndani ya pipa la nguo, ile ndogo waliyokupa kazini kwako uwanja wa ndege, iliyotolewa kwenye ndege iliyokwisha kazi? Ulimwambia ni pambo, aiweke juu ya kabati. Wewe ulimjua kweli kaka yako? Kesho yake tu alikuwa ameifungua. Alinifuata kinuni kwangu, pale Katwe ninaposaga mahindi kando ya karakana yake, akanivuta mkono kama mtoto niende nikaone. Ndani hamna pistoni za kupanda na kushuka kama injini zote alizowahi kushika. Mna kipande cha chuma cha pembe tatu, kinene, kinachozunguka ndani ya chumba chake.

"Dada, angalia! Hii kitu inazunguka tu, haigongi-gongi. Banange, hawa watu walikaa chini wakafikiri!"

Nikamwambia mimi naona andazi la chuma. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia.

Kutoka hapo wazimu wa kigari ukamwingia. Ni vile vigari vya mashindano, vya chini chini, ambavyo dereva wake hukaribia kuburuta makalio barabarani. Nilimuuliza, mwanamume wa miaka hamsini na mbili, ndevu zimejaa mvi, kigari cha nini? Safari hii hakucheka.

"Dada, mimi miaka yote natengeneza mashine ya kusaga na pampu. Vitu ya kuzunguka pahali pamoja. Nataka kutengeneza moja yenye inaenda."

Alitaka kiwe tayari kwa Idi kubwa, Rumaisa akiendeshe uwanjani mbele ya ukoo mzima. Baba na binti wakawa hawatoki karakanani. Unajua walivyokuwa wale wawili, ukimtafuta mmoja unampata mwingine.

Miezi ile yote tulicheka, na sitaki ufikiri kwamba ilikuwa ya huzuni. Siku ya kwanza walipokiwasha, kigari kilikwenda kinyumenyume. Kumbe injini ile huzunguka upande unaofaa mapanga ya ndege, na Kamis alikuwa ameifunga bila kuliwazia hilo. Kikatoka getini kikaibeba meza ya mama wa chapati pamoja na trei ya mayai. Kamis aliigeuza injini ikakubali. Mama wa chapati hakugeuka. Mpaka leo anatuuzia zilizopoa.

Baadaye injini ikaanza kuchemka na kuzimika ovyo. Rumaisa ndiye aliyeijua sababu. Kwenye ndege, yale mapanga ya mbele hayavuti ndege tu. Upepo wake unaipoza injini, na uzito wake unaifanya izunguke sawasawa bila kushtuka-shtuka. Wao walipoyatoa mapanga, walizitoa na hizo kazi mbili. Ya kupoza haikuwa shida, Kamis akafunga feni ya gari. Ya uzito ilitaka gurudumu zito la chuma kwenye mhimili wa injini, lile mafundi wanaloliita flaiwili. Kamis akaenda kwa Lakica, fundi wa leti, mashine ya kuchongea vyuma, palepale Katwe, akaagiza lichongwe kutoka kipande kizima cha chuma cha pua. Lakica akaomba wiki mbili. Kwa hesabu hiyo lingetoka Idi imekwisha pita.

Hapo ndipo nilipoingia mimi.

Puli ya baba huwezi kuwa umeisahau. Ile ya kinu, gurudumu la kuzungushia mkanda, la upana wa sinia dogo, aliyoipaka rangi ya kijani na kuchora jina lake pembeni kwa patasi. Baba aliisomea Fatiha siku ilipofika. Miaka thelathini na moja ilisaga mahindi ya Katwe, vinu vya wenzetu vikivunja puli kila mara, yetu haikupata hata ufa. Mama alikuwa akisema ile si chuma, ni baraka. Tulipoweka mota ya umeme tuliitundika ukutani kwa msumari, na wateja wa zamani wakiingia huigusa kama wanaamkia mtu.

Mirathi ilipogawanywa wewe ulipewa saa yake, Kamis zana, mimi kinu na vyote vilivyo vyake. Kwa hiyo hakuna ambaye angeigusa puli ile bila idhini yangu. Na Kamis hakuniomba. Hilo nataka ulijue vizuri, Faizal, hakuniomba. Nilimwona amekaa na kidevu mkononi anahesabu siku za Idi, nikamwonea huruma. Nikapanda juu ya kreti, nikaitungua kwa mikono yangu miwili, nikaipangusa vumbi kwa kanga yangu, nikampelekea.

Rumaisa alikataa palepale. Alichana mfuko wa saruji, akaandika hesabu kwa penseli, akanionyesha. Ananiita Senga, kama watoto wa hapa wanavyowaita shangazi zao.

"Senga, kwa kinu hii puli ilikuwa inazunguka mara mia saba kwa dakika. Hii injini inaenda elfu saba. Mbio ikiongezeka mara kumi, nguvu ya kuipasua inaongezeka mara mia. Si kumi, Senga. Mia. Na hii ni chuma ya kumimina tu. Itapasuka."

Unajua nilimjibu nini mtoto yule? Nilishika kiuno. Nikamwambia chuma kilichosaga mahindi ya mtaa mzima kabla mama yake hajaolewa, leo yeye ndiye atakifundisha kuzunguka? Nikamalizia na msemo wangu, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Waliokuwepo karakanani wakaangua kicheko. Kamis naye akacheka. Na mimi nilifurahi walivyocheka, Faizal. Nilijiona bingwa wa maneno. Furaha ile ndiyo inayonichoma kuliko yote mengine.

Rumaisa akaukunja mfuko wake wa saruji.

Kamis aliigonga puli kwa spana, akasikiliza mlio wake. Alisita, nilimwona. Akamwangalia msichana, akaniangalia mimi. Nilimlea yule mtu tangu mama alipoanza kuugua, nilimfunga vifungo vya shati, nilimpeleka madrasa nikimshika sikio. Hata siku moja hakuwahi kunikatalia kitu mbele za watu. Akasema, "Kale, sawa. Dada amesema." Akaifunga.

Ilikuwa Jumanne, tarehe tatu mwezi wa sita, sikukuu ya Wakristo ya Mashahidi wa Uganda. Nusu ya mji ilikuwa imekwenda Namugongo kuhiji na Katwe ilikuwa kimya, hakuna nyundo, hakuna mashine. Kamis aliipenda siku hiyo kwa sababu angeweza kuisikia injini vizuri. Saa nne asubuhi waliinua kigari juu ya matofali ili magurudumu yazunguke hewani. Rumaisa alikwenda kusimama nyuma ya ukuta wa kinu. Alimwita baba yake mara mbili, "Baba, njoo huku." Mimi nilikuwa mlangoni na chupa ya chai, nikamwambia amwache baba yake afanye kazi.

Kamis alipiga magoti kando ya injini, akainamisha kichwa kusikiliza kama alivyokuwa akifanya kwa mashine zote. Ikawaka mara moja. Haikushtuka wala haikuzima. Alinigeukia akanyanyua kidole gumba. Akasema, "Dada, sikia inavyoimba." Halafu akaongeza mafuta.

Sauti ilipanda, ikawa nyembamba. Nilichosikia baadaye kilikuwa kama sinia kubwa limeangushwa sakafuni. Puli ilipasuka vipande vitatu. Kimoja kilitoboa bati la paa. Kimoja kiliingia kwenye ukuta ule aliokuwa nyuma yake Rumaisa, na kimo humo hadi leo. Cha tatu kilimpata Kamis kifuani.

Tulimpandisha kwenye pikapu ya jirani tukaenda naye hospitali ya Nsambya, kichwa chake mapajani mwangu, Rumaisa ameshika miguu. Hakusema neno njiani. Usije ukaniuliza maneno yake ya mwisho, nimekwisha kukuandikia. Daktari alimtazama mara moja tu, kisha akanitazama mimi. Kesho yake baada ya Adhuhuri tukamzika kando ya baba.

Ulipopiga simu ile Jumanne ulikuwa unapiga kelele, "Amepatwa na nini? Amepatwa na nini kaka yangu?" Nikasikia mdomo wangu unasema gari. Nikawaita Rehemah na Rumaisa, nikawaambia tuseme hivyohivyo, kwa sababu injini imetoka kwako na ukijua utajiua kwa mawazo. Walikubali. Wajane na yatima hukubali lolote siku ya kwanza. Nilisema nakulinda wewe. Nikajisemea hivyo hata kwenye mswala. Si kweli. Nilikuwa najilinda mimi, kwa sababu nilijua swali lako la pili lingekuwa nani alimpa puli.

Alhamisi, mkesha wa Idi, Lakica alikuja nyumbani. Msiba alikuwa ameusikia. Alikuwa na kitu kizito amekifunga kwa gazeti, akakiweka mezani taratibu, akavua kofia. Lilikuwa lile gurudumu la chuma cha pua, limechongwa likang'aa mpaka unajiona uso. Alisema aliziweka kando kazi za watu wengine ili Kamis aiwahi Idi, alitaka kumshtukiza. Alisema kazi ya marehemu hailali kwa fundi. Siku mbili, Faizal. Tungengoja siku mbili tu.

Rumaisa alilichukua, akaenda nalo Katwe kwa miguu, akalitundika kwenye ule msumari wa puli ya baba. Lipo pale. Wateja hawaligusi.

Mtoto huyu hajaniambia hata siku moja, "Si nilikwambia, Senga." Ningependa aniambie. Ningependa anitukane, anipige hata kofi. Anaamka, ananisalimu kwa adabu, ananichemshia maji ya kukanda goti. Juzi nilimuuliza ule mfuko wa saruji aliuweka wapi. Alikuwa ameuhifadhi ndani ya daftari la chuo. Nilimwomba, akanipa. Nimeuweka humu ndani ya bahasha. Utaona mia saba, utaona elfu saba, na ile mia ameizungushia duara mara mbili. Nataka mtu wa ukoo wetu aione hesabu ile bila kucheka.

Sasa nikwambie kwa nini nimeandika leo. Jumanne iliyopita yule jamaa yako wa polisi alikuja, kwa heshima zote, hana kosa. Alisema umemwomba alitafute faili la ajali na hakuliona kokote. Akamuuliza Rehemah gari lilikuwa rangi gani. Rehemah alikuwa nyuma ya pazia, ndani ya eda, tasbihi mkononi. Akasema nyeupe. Yule bwana akaandika, akashukuru, akaondoka.

Rehemah alitoka akasimama mbele yangu. Miaka ishirini na minne ameishi na sisi sijamwona akinikazia macho. "Wifi, mimi nilikuwa mke wake, nataka kumwombea dua. Mdomo huu nimeuchafua kwa sababu yako. Siwezi tena."

Kila mwenye gari jeupe Kampala hii sasa ni mshukiwa wako, mdogo wangu. Huenda kesho akashikwa mtu asiyemjua Kamis hata kwa sura. Kwa hiyo mwandikie yule bwana aache. Mwambie dada yako alisema uongo. Nikiitwa kituoni nitakwenda mwenyewe, sitasubiri kufuatwa.

Injini yako ni nzima. Haina hata mkwaruzo. Tumeifunika turubai pamoja na kigari chake. Injini haikumuua mtu, Faizal, na wewe uliyeituma hukumuua mtu. Usije ukajibebesha hata robo ya jambo hili, maana nakujua, utatafuta pa kujibebesha. Kaka yako alifurahi kwa ajili yako miezi mizima, na nafikiri ilikuwa miezi yake mizuri kuliko yote tangu utoto. Kuifufua au kuitupa, Rumaisa anasema anangoja neno lako. Mimi sina tena la kusema kuhusu chuma chochote.

Ule msemo wangu siwezi kuutamka siku hizi. Kamis alilisikia la mkuu. Kila mtu aliyesimama karakanani siku ile alilisikia la mkuu, isipokuwa msichana mmoja aliyekwenda kusimama nyuma ya ukuta, na ukuta ule ndio uliomponya.

Ukiamua kuja, eda ya Rehemah inakwisha katikati ya mwezi ujao, itakuwa vizuri aone uso wako. Kama hutaki kuuona wangu, nitahamia kwa Naila Ntinda kwa muda utakaokuwepo. Chumba chako kimefagiliwa. Ukiamua kutokuja, nitaelewa, lakini wapigie simu Rehemah na binti yake. Wao hawana deni la uongo kwako, deni lote ni langu.

Nisalimie Annick, mwambie kitenge chake nimekishona, Nabilah anacho. Wabusu wanangu. Rehemah anakusalimu. Rumaisa anakusalimu, anamtaja Baba Mdogo wake kila siku kwenye dua. Naila anakusalimu. Lakica pia, ingawa hamjawahi kuonana. Aliniambia nikwambie kaka yako alikuwa fundi.

Mwenyezi Mungu akukinge na baridi ya huko na chuki ya moyoni, akupe riziki ya halali, amrehemu Kamis na kumpanulia kaburi lake. Akatukutanishe, kama si hapa, basi huko alikotangulia.

Uliapa kwamba hutasamehe mpaka ulijue jina. Siwezi kukudai usamehe hata ukilijua. Naliandika hapa chini kwa mkono wangu, uleule ulioitungua puli.

Dada yako akupendaye,

Umulkheir binti Umar